Technics SL-1200MK2 ya mtumba: spidi ikiyumba, anzia wapi

Kati ya deki za santuri zilizotumika zinazofika Kisumu, Kakamega na Nakuru, hakuna inayostahili pesa kuliko Technics SL-1200MK2 na ndugu yake mweusi, SL-1210MK2. Hakuna pia inayoharibiwa ovyo kama hiyo. Mwenye deki anaona nukta za ukingoni mwa sinia, ile sahani inayobeba santuri, zinatambaa, anaipeleka kwa fundi wa redio, fundi anafungua na kuzungusha kila preseti (kirekebishi kidogo cha bisibisi) iliyo kwenye bodi, na mashine iliyokuwa na uchafu kidogo inarudi na matatizo matatu mapya. Mapitio haya yanaangalia upande mmoja tu wa deki hii, nao ni spidi: inashikwaje, inapoteaje, na ni kasoro zipi za kukufanya uondoke bila kununua.

MK2 ilitoka mwaka 1979. Utengenezaji wa ukoo wa SL-1200 ulisitishwa 2010, kisha 2016 zikaja modeli mpya zilizoundwa upya. Hivyo hata MK2 iliyo changa kabisa imeshakula miaka mingi, na nyingi zimepita kumbi za densi kabla ya kukufikia.

Uzuri wake unaanzia kwenye mota. Hakuna mkanda, hakuna gia. Sumaku imefungwa chini ya sinia lenyewe na koili zimelala kwenye msingi wa deki, kwa hiyo sinia ndilo rota. Hapo chini kuna pia koili nyingine inayotoa mawimbi kadiri sinia linavyozunguka; mafundi wanaiita FG. Saketi inalinganisha mawimbi hayo na mpigo wa kioo cha kwatsi cha megahezi 4.19328. Sinia likichelewa, mota inalisukuma. Likitangulia, linazuiwa. Kazi hiyo haikomi deki ikiwa inazunguka, ndiyo maana kiwanda kiliweza kuandika kuyumba kwa asilimia 0.025 tu, nguvu ya kuanzia ya kilo-sentimita 1.5, na sinia kufika 33⅓ ndani ya sekunde 0.7. Kwa mashine ya umri huu, ikiwa nzima, namba hizo bado unazipata. Deki nyingi mpya za bei ya chini hazizikaribii.

Kutokana na hapo kuna jambo la kulielewa kabla ya kushika bisibisi. Deki ya mkanda inachoka polepole: mkanda unalegea, spidi inashuka nusu asilimia, mwaka ujao inashuka tena. Deki ya kwatsi haichoki hivyo. Ama imeshika, ama haijashika. Ukiona MK2 inakwenda pole kidogo, usikubali kuambiwa ni uzee. Kuna kitu mahususi kimechafuka, kimekatika au kimesogezwa, na mara nyingi ni kitu kidogo cha bei ndogo. Mota yenyewe ni ya mwisho kushukiwa.

Pima kabla ya kufungua

Masikio peke yake hayatoshi. Kosa la asilimia 3 ni karibu robo toni, na msikilizaji asiye na ala ya kulinganisha anaweza kulipita bila kulitambua. Njia isiyohitaji kifaa chochote ni kuhesabu. Bandika kipande cha selotepu ukingoni mwa sinia, fungua saa ya simu, uhesabu mizunguko 100 kwenye 33⅓. Inatakiwa ichukue sekunde 180, dakika 3 kamili. Kwenye 45, mizunguko 90 ni dakika 2. Kila asilimia 1 ya kosa kwenye hesabu ya kwanza ni sekunde 1.8, kwa hiyo hata kidole kikichelewa kubonyeza kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, jibu bado ni la kuaminika.

Programu za simu zinazosoma mizunguko kwa jairoskopu ni za haraka zaidi. Si lazima simu ikae katikati kabisa, kwa sababu kila sehemu ya sinia inamaliza mzunguko kwa muda uleule. Muhimu ni ilale sawasawa na isiteleze. Lakini simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu. Programu ikiwa inategemea dira ya simu badala yake, jibu lake litupe, maana limesomwa juu ya sumaku kubwa. Aliye na santuri ya majaribio yenye toni ya hezi 3150 asome masafa kwa simu: 3150 ni sawa, 3213 ni asilimia 2 juu.

Kwa nini usiridhike na taa nyekundu ya strobo, ile inayomulika nukta za ukingoni? Kwenye MK2 taa hiyo haifuati stima ya ukutani. Inapigwa na kwatsi ileile inayoongoza mota. Hilo ni jema sana mahali ambapo genereta inawaka kila wiki, lakini lina upande wa pili: nukta zikisimama tuli, umejua kwamba mota inaifuata kwatsi, hujajua kwamba kwatsi yenyewe iko sawa. Kioo kuharibika ni nadra. Hata hivyo dakika 3 za kuhesabu zinalifunga swali hilo, na baada ya hapo unaweza kuiamini taa.

Sasa soma nukta. Ukingoni kuna safu nne, na safu ya nukta kubwa ndiyo ya sifuri. Sogeza kitelezi cha pichi, kile cha kuongeza na kupunguza spidi, hadi katikati kinaponasa kwa mbofyo, taa ya kijani iwake. Nukta kubwa zinatakiwa zisimame kabisa. Weka santuri, shusha sindano, kisha gusa santuri kwa brashi laini ya kusafishia: zisitikisike. Karatasi ya kiwanda inadai spidi haibadiliki hata kidogo chini ya mzigo wa kilo-sentimita 1.5, na deki nzima inatimiza dai hilo mbele ya macho yako. Kila hatua inayofuata inategemea ulichokiona hapa.

Kitelezi cha pichi

Nukta zikisimama katikati taa ya kijani ikiwaka, lakini zikaruka, zikasita au zikarudi nyuma unapokisogeza kitelezi, kasoro ni kitelezi. Hii ndiyo hitilafu ya spidi inayoonekana zaidi kwenye MK2, na hapa ndipo watu wanapokimbilia preseti bila sababu. Katikati, saketi inajifunga kwenye kwatsi na kitelezi hakihesabiki. Nje ya katikati, spidi inaamuliwa na kipande cha chuma kinachokwaruza njia nyembamba ya kaboni. Vumbi likichanganyika na grisi ya zamani, mguso unakatika na kurudi, na saketi inatii kila mkatiko huo.

Mazingira yetu hayasaidii. Vumbi la Bonde la Ufa linalotua Nakuru wakati wa kiangazi ni laini, la volkano, na linasaga. Kitelezi kina mwanya ulio wazi juu ya deki, kwa hiyo linaingia moja kwa moja. Kisumu shida ni unyevu wa ziwa unaoleta kutu kwenye vikontakti, pamoja na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku na kufia humo ndani. Kifuniko kilichofungwa deki isipotumika kinafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya kupuliza. Kama kifuniko cha plastiki kilishapotea, kitambaa kizito kilichofumwa karibu-karibu kinatosha.

Kusafisha kwa haki hakufanyiki kwa kupuliza dawa kupitia mwanya. Uchafu unasukumwa pembeni tu, na baada ya wiki chache unarudi kwenye njia. Chomoa waya wa stima. Toa sinia kwa kuingiza vidole kwenye matundu yake mawili na kulinyanyua wima. Ondoa kichwa cha sindano na uzani wa nyuma, funga mkono kwenye kishikio chake, kisha geuza deki juu ya blanketi. Fungua miguu, halafu skrubu za msingi wa mpira. Ni nyingi na si zote zinazofanana, kwa hiyo zipange kwa mpangilio wa matundu yake. Skrubu ndefu ikirudishwa pasipo pake inaweza kubonyeza bodi. Kitelezi kinatoka na plagi yake.

Kabla ya kusafisha, kipime kwa multimita kwenye omu. Sogeza polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine: namba ipande au ishuke kwa mfululizo. Ikiruka au ikipotea, umeona ugonjwa kwa macho. Tumia dawa ya kusafishia vikontakti iliyotengenezwa kwa ajili ya vitelezi, ile inayoacha utelezi mwembamba. Usitumie dawa ya kusafishia breki, maana inaweza kula plastiki. WD-40 inaacha utando unaokusanya vumbi. Spiriti ya duka la dawa nayo usiiguse: ina maji, na mara nyingi imetiwa mafuta. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 inafaa kuoshea, lakini inakausha kila kitu, hivyo lazima baadaye utie grisi ya silikoni kidogo kwenye reli za chuma tu, kamwe si kwenye kaboni. Sogeza kitelezi mara 30 au 40, kiache kikauke kwa robo saa, pima tena.

Namba ikiendelea kuruka, kaboni imeliwa na hakuna dawa itakayoirudisha. Sehemu halisi inaanza na namba SFDZ122N11. Zipo nakala zisizo na jina, nazo zina shida mbili: mbofyo wa katikati hauko sawa na sifuri ya umeme, na asilimia zilizochapwa kwenye deki hazilingani na spidi halisi. Kwa anayesikiliza nyumbani, kitelezi kikikaa katikati miaka yote, nakala inatosha. Kwa dijei anayeunganisha nyimbo mbili, haifai, na tofauti ya bei inajilipa.

Baada ya kitelezi kusafishwa au kubadilishwa, na hapo tu, preseti ya pichi iliyo kwenye bodi ina haki ya kuguswa. Dalili yake ni moja: ukitoka katikati kwa unywele tu, spidi inaruka ghafla badala ya kupanda polepole. Piga alama kwa kalamu ya wino pale preseti ilipo, izungushe kidogo sana, tazama nukta, rudia. Bila alama hiyo huna njia ya kurudi ulikotoka.

Taa ya kijani inawaka, nukta zinatambaa

Hii ni habari nyingine. Kitelezi hakihusiki tena; saketi inajaribu kushika na inashindwa. Anza na umeme wenyewe.

Ndani ya deki kuna transista ya kudhibiti volti, 2SD836A, ambayo inatoa takriban volti 21 za DC kwa saketi yote. Inapata joto muda wote deki ikiwa imewashwa, na joto hilo kwa miaka linapasua risasi ya kulehemu kwenye miguu yake. Ufa wenyewe ni pete nyembamba kuzunguka mguu. Utauona kwa kioo cha kukuzia na tochi iliyoinamishwa. Deki yenye ufa huo inafanya kazi ikiwa baridi, kisha baada ya dakika 20 au nusu saa nukta zinaanza kutembea. Nyingine inafanya kinyume: inasumbua asubuhi ya baridi ya Nakuru, halafu inatulia ikishapata joto. Dawa ni kunyonya risasi ya zamani, kusafisha miguu na kulehemu upya kwa risasi ya 60/40 na pasi ya wati 40. Kuongeza risasi mpya juu ya ile iliyopasuka hakutoshi. Ukiwa hapo, pitia pia miguu ya viunganishi vyote vya waya.

Volti 21 ikiwa chini, au ikipandashuka wakati mota inasukuma, angalia kapasita kubwa ya kuchuja. Iliyovimba kichwani au yenye utomvu chini inabadilishwa bila mjadala, na iliyokauka bila dalili pia ipo, kwa hiyo umri peke yake ni sababu ya kutosha. Weka yenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na inayostahimili joto la nyuzi 105. Tazama upande wa hasi mara mbili kabla ya kulehemu. Na tahadhari: chini ya kifuniko cha plastiki kilicho chini ya sinia kuna transfoma yenye volti 240. Asiyezoea kupima saketi iliyo hai amwachie fundi hatua hii.

Halafu kuna stima ya ukutani. Mota ni ya DC, kwa hiyo tofauti ya hezi 50 na 60 haibadilishi spidi hata chembe. Volti ndiyo inayoua. Baadhi ya deki hizi zina swichi ya kuchagua volti, ambayo utaiona sinia likitoka. Hakikisha iko 240 kabla ya kuchomeka kwa mara ya kwanza, na kwa sababu vikontakti vyake havijaguswa kwa miongo, isogeze mara kadhaa waya ukiwa umechomolewa, kisha uirudishe mahali pake. Deki ya soko la Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120, na zisizo na swichi zinahitaji transfoma ya kushusha. Iliyochomekwa moja kwa moja kwenye 240 inaunguza transfoma yake, na muuzaji akisema ilikuwa inafanya kazi hadi juzi, nusa matundu ya chini: harufu ya vanishi iliyoungua haifichiki. Plagi ya miguu mitatu iwe na fyuzi ya ampea 3, si ya 13 iliyokuja na plagi.

Inakimbia, au inahitaji kusukumwa

Sinia likipaa hadi spidi ya juu na kutosikia kitufe chochote, kumbuka jinsi saketi inavyofikiri. Haioni mawimbi ya FG, kwa hiyo inaamini sinia limesimama na inalisukuma kwa nguvu zote. Tafuta mawimbi hayo yalipopotelea: waya uliochomoka, risasi iliyopasuka kwenye kiunganishi, kisha volti 21. Ukishavipita vyote hivyo salama ndipo aisii (chipu) za kudhibiti mota zinaposhukiwa, na hapo kazi inakuwa ghali, kwa sababu aisii hizo hazitengenezwi tena na sokoni kuna za bandia.

Likishindwa kuanza bila kusukumwa kwa kidole, au likitetemeka na kukwama mahali palepale kila mzunguko, kwanza geuza sinia na uangalie sumaku. Sumaku hiyo inavuta kila kitu cha chuma: pini za karatasi, vipande vya waya, skrubu iliyodondoka karakana. Kipande cha milimita moja kinatosha kukwaruza koili. Kitoe kwa selotepu ngumu; kitambaa kinakisambaza tu. Kama sumaku ni safi na haijapasuka, basi koili moja haipati umeme au kihisi kimoja cha Hall, kinachosoma mahali sumaku ilipo, kimekufa. Risasi mbaya inatengenezeka. Kihisi kilichokufa au sumaku iliyopasuka ni sababu ya kutonunua, hata bei ikiwa ya kuvutia.

Mafuta yanastahili neno. Kitabu cha MK2 kinasema matone 2 au 3 kwenye mhimili kila baada ya saa 2000 za matumizi, na wengi hawajawahi kutia hata moja. Mafuta mepesi ya cherehani yanafaa yale ya kiwanda yasipopatikana. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi, na grisi ni nzito mno. Usiufungue mhimili wenyewe wala nyumba yake.

Vitufe vya 33 na 45 vikichoka, deki inaruka kutoka spidi moja hadi nyingine au inahitaji kubonyezwa mara tatu. Ni swichi ndogo, bei ndogo, kazi ya nusu saa. Badilisha zote kwa pamoja, pamoja na ya kuwashia sinia.

Deki haina kosa

Santuri nyingi za eneo hili ni za 45, benga ya gitaa mbili na sauti za juu, na hakuna muziki unaofichua kuyumba kama noti ndefu ya gitaa la solo. Mtu akisikia noti inapinda, anailaumu mota. Hesabu kwanza. Kuyumba kukirudi kila sekunde 1.33 kwenye 45, au kila sekunde 1.8 kwenye 33⅓, kunafuata mzunguko wa santuri, na MK2 iliyo nzima haiyumbi kwa mtindo huo. Tundu limetobolewa nje ya katikati, au santuri imepinda. Kwenye santuri ya inchi 7, tundu likikosea kwa milimita 1, sauti inapanda na kushuka kwa asilimia 1.4 hivi. Tazama mkono kutoka juu: ukicheza kushoto na kulia kila mzunguko, umepata jibu. Zenye tundu kubwa zinayumba hivyohivyo kama adapta imelegea, kwa hiyo tumia ile ya chuma iliyotengewa shimo lake kwenye kona ya deki, si kipande cha plastiki kilichochongwa.

Mkeka wa dijei nao unadanganya. Umetengenezwa ili santuri iteleze, na sindano nzito ikishuka kwenye santuri nyepesi, santuri inaweza kubaki nyuma huku nukta zimesimama vizuri. Nyumbani weka mkeka wa mpira.

Zikilinganishwa na deki za kabla ya kwatsi

Sokoni zipo pia deki za mota ya moja kwa moja za miaka ya 1970, zenye vifundo viwili vya kurekebisha spidi na taa ya neoni. Ni nzuri na mara nyingi bei ni ya chini, ila zinataka uangalizi zaidi. Taa ya neoni inafuata stima, kwa hiyo hapa Kenya soma mstari wa hezi 50. Ukisoma wa 60 utaipunguza deki nzima iliyokuwa sawa. Taa hiyo ikipata umeme wa genereta ndogo au inveta ya bei nafuu, nukta zinatembea kwa sababu hezi za genereta zinapanda na kushuka, huku sinia likiwa halina kosa. Usirekebishe chochote wakati huo. Subiri stima irudi.

Kwenye deki hizo, spidi ya 33 ikiyumba na 45 ikiwa tulivu, kifundo au preseti ya 33 ni chafu: puliza dawa, zungusha mwisho hadi mwisho mara 30, rekebisha upya. Zote mbili zikiyumba kwa pamoja, rudi kwenye umeme na kapasita. Asiyetaka kushika bisibisi kabisa achague MK2.

Ukienda kununua

Iwe ni soko la Kibuye mjini Kisumu siku ya Jumapili au duka la vyombo vya muziki mjini Nakuru, ombi liwe moja: iwashwe, iachwe izunguke. Muuzaji anayekuonyesha taa tu bila sinia kuzunguka anaficha jambo. Jaribu 33, 45, kuwasha na kuzima mara kumi, kisha kitelezi chote polepole ukitazama nukta. Kitelezi kibovu, vitufe vilivyochoka na mhimili mkavu ni vya kupunguziwa bei. Sumaku iliyopasuka, harufu ya kuungua, na preseti zilizokwaruzwa na bisibisi zote ni vya kukataa; hizo za mwisho kwa sababu hujui tena nini kilikuwa wapi.

Deki ikisafiri kwa basi kama parseli, sinia litoke na lifungwe peke yake ndani ya sanduku, lisiguse mhimili. Likiachwa juu, kila tuta la barabara linaupiga mhimili na beringi kwa uzito wa sinia zima, na ukifika unaanza kutafuta mlio uliouunda njiani.

Matengenezo yoyote yakiisha, rudisha sinia, weka santuri unayoijua, iache izunguke saa nzima bila kuizima. Hesabu mizunguko 100 mwanzoni, hesabu tena saa ikitimia. Hesabu mbili zikilingana ndani ya sekunde 0.3, ilipe kazi. Zisipolingana, kuna kitu kinachobadilika kwa joto, na pa kuanzia ni miguu ya transista ya volti 21.